Mkono Juu ya Shingo ya Ngamia

Maziwa ya ngamia ya mji wetu yana harufu ya moshi. Kabla ya kukamulia, chombo hufukizwa kwa vijinga vya mti mgumu hadi ndani yake kuwe kweusi na kukavu, na moshi huo hukaa ndani ya maziwa hata yakisafiri siku nzima juu ya gari kutoka malishoni. Katika kiangazi kile nilipokuwa na umri wa miaka kumi, harufu hiyo ilichanganyika na nyingine ambayo pua yangu haikuwa imewahi kukutana nayo: rangi ya mafuta iliyozimuliwa kwa tapentaini. Tangu hapo harufu hizo mbili hazijaachana kichwani mwangu. Nimeingia katika vyumba vingi vya picha, vingine katika miji ya mbali ambako hakuna aliyewahi kumwona ngamia, na kila mara, kabla macho hayajatulia juu ya picha yoyote, ulimi wangu umekuwa ukitafuta maziwa.

Wazazi wangu walikuwa na mifugo upande wa Kotile, nami nililelewa mjini Garissa na Dahabo, dada yake mama, ili nisome. Nilimwita Habaryar, kama tumwitavyo mama mdogo kwa Kisomali. Alikuwa mmoja wa wanawake saba waliouza maziwa mbele ya ukuta mrefu wa ghala lililoachwa, pembeni mwa soko. Wanawake hao walitoka katika koo mbalimbali na maziwa yao yalitoka malisho mbalimbali, lakini walikuwa na desturi moja waliyoibuni wenyewe: yote yalimiminwa katika pipa moja. Yule ambaye gari lake limekwama mchangani, au ambaye ngamia wa kwao wamehamia mbali kutafuta maji, hakurudi nyumbani mikono mitupu. Alipata sehemu yake kutoka pipa la wote. Wakati wa jilaal, kile kiangazi kirefu kinachotangulia mvua, desturi hiyo ndiyo iliyowalisha watoto wa Habiba, ambaye mumewe alikuwa amelihamisha kundi hadi karibu na Hadado, safari ya siku nyingi kutoka kwetu. Nalitaja pipa mapema kwa sababu bila hilo kisa cha ukuta hakina uzito.

Wateja wa Kisomali walitujua na waliyajua maziwa kwa kuyaonja. Walimu na maafisa waliohamishiwa kwetu kutoka bara walipita wakitazama chini, wasijue waulize nini wala kwa nani, na ndipo wanawake wale wakaamua ukuta wao uwe na picha. Aliitwa Fundi Mutiso, Mkamba mwembamba aliyezoea kuchora mabango ya maduka ya nyama na kuandika majina ya shule, mtu aliyekunja mikono ya shati lake kwa vipimo sawa pande zote mbili kabla ya kugusa brashi. Aliupaka ukuta rangi nyeupe, akaungoja ukauke, kisha akachora kwa chaki ngamia mkubwa kuliko ngamia yeyote, kichwa kikielekea barabarani. Habaryar alimtazama mnyama yule kwa muda mrefu.

“Fundi, hii ngamia inaenda wapi?”

“Haendi popote, mama. Amesimama.”

“Kichwa iko barabarani. Kichwa ikienda, maziwa inafuata. Geuza.”

Fundi hakubishana. Alichukua kitambaa, akamfuta ngamia wa chaki, akamchora upya akielekea upande wa pili, kushoto, palipokuwa na mlango na pipa. Jioni hiyo, nilipoketi karibu na ngazi yake baada ya shule, aliniambia kwamba mama yangu mdogo alikuwa amemkumbusha somo la kwanza la uchoraji: jicho la mtazamaji hufuata uso uliochorwa, na mahali uso unapoelekea ndipo habari ya picha ilipo. Nimesoma jambo hilohilo baadaye katika vitabu vizito, kwa maneno marefu zaidi. Habaryar hakuwa amesoma kitabu chochote juu ya mpangilio wa picha. Alikuwa ameishi miaka mingi akitazama kundi likirudi, na kwa jinsi vichwa vilivyoelekea alijua kama nyumbani kuna usalama au hakuna.

Siku zilizofuata zilikuwa darasa langu la kweli, na walimu walikuwa wanane, fundi mmoja na wanawake saba waliomkosoa. Alipoacha karibu nusu ya ukuta ikiwa nyeupe tupu, walimwuliza kama rangi imemwishia. Alijibu kwamba mnyama mkubwa anahitaji nafasi ya kupumua, na kwamba kilichoachwa wazi nacho ni sehemu ya picha. Habiba, ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko wa wote, aliitazama ile sehemu tupu, akasema kwa Kisomali, “Usijaze. Hiyo ndiyo nchi yetu yenyewe,” wakacheka wote, na fundi akacheka baada ya kutafsiriwa. Niligundua wakati ule kwamba mzaha wake ulikuwa sahihi. Weupe ule ulikuwa jilaal, na kwa kuwa ulikuwa mkubwa hivyo, maziwa yalionekana kuwa na thamani hata kabla ya kuchorwa.

Siku ngamia alipokamilika, akiwa na kope zake na magoti yake yenye sugu, wanawake walijipanga barabarani kumtazama. Walimsifu kwanza, kwa haki. Kisha Habiba akaweka mkono kiunoni, akauliza kwa Kiswahili ili fundi asikie: “Nani amepoteza ngamia? Hii ni baadi.” Vicheko vikarudi tena. Wakafunga vyombo vyao, wakaenda kuswali na kupumzika nyumbani, kwa kuwa jua lilikuwa limewaka, na mimi nikabaki na fundi, ambaye hakuwa amecheka.

“Hodan,” akaniita, “baadi ni nini?”

Nilimweleza kwamba baadi ni ngamia aliyepotea na ambaye mwenyewe hajulikani. Kila ngamia wa kwetu ana chapa ya ukoo, iliyochomwa kwa chuma shingoni au pajani; ngamia asiye na chapa hana kwao. Fundi aliyapokea maneno hayo kama mtu aliyeambiwa kwamba amesahau herufi katika jina la shule. Mzaha wa Habiba aliuona kuwa marekebisho. Akanipa kipande cha chaki na kuniuliza chapa yetu huwa vipi, ili kazi yake isiwe na dosari.

Kwa Kiswahili neno lile “yetu” linaweza kubeba watu wawili au taifa zima. Fundi alimaanisha ya wanawake saba, akidhani ipo. Mimi nilimwona baba. Tulikuwa hatujaonana tangu mvua zilizopita, na chapa ile nilikuwa nimeiona kwenye kila shingo tangu nilipojifunza kutembea; ndiyo maandishi ya kwanza niliyoweza kuyasoma. Niliichora sakafuni kwa fahari na, nikisema kweli, kwa upweke. Sitaieleza hapa ilivyokuwa. Niliichora mara moja na ikatosha. Fundi aliinakili upande wa kushoto wa shingo, kwa rangi nyeusi, kwa ustadi aliokuwa nao katika kila jambo.

Asubuhi hakuna aliyepiga kelele. Wanawake walisimama barabarani mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alisoma. Chapa ya baba yangu ilikuwa pia chapa ya mume wa Habaryar, kwa kuwa dada wawili waliolewa na ndugu wawili, na kwa macho ya mfugaji ukuta ulikuwa umetangaza waziwazi kwamba ngamia ni wa kina Dahabo, maziwa ni ya kina Dahabo, na wengine ni wageni wanaouza chini ya ruhusa yake. Habiba alisema kwa sauti ya chini, “Hongera, Dahabo. Umepata ukuta.” Akachukua chombo chake, akavuka barabara, akatandika turubai upande wa pili. Wawili wakamfuata kabla ya adhuhuri. Siku ya tatu pipa la wote lilikuwa na maziwa ya wanawake wanne, na Habiba, ambaye gari la kutoka upande wa Hadado halikuwa limefika wiki nzima, aliketi ng’ambo ya barabara mbele ya chombo kikavu, uso mkavu pia, akiwaamkia wapita njia kana kwamba ana cha kuuza. Nimo, bintiye, aliyeketi nami dawati moja, aliuhamishia mkoba wake dawati jingine. Nilijua ni kitu gani hakikuwa kimemiminwa katika chai yake asubuhi hiyo, na nilijua ni nani aliyekuwa amesababisha.

Habaryar alimwuliza fundi ni nani aliyemwambia aweke chapa ile. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwao. Fundi hakunitazama hata kidogo. “Niliona ngamia njiani, mama, nikaiga,” akasema. Wanawake waliobaki wakamwambia akusanye vitu vyake, kwamba watatafuta mtu anayejua anachokichora, na alianza kufunga ngazi yake kwa kamba, polepole, akilifunga na kulifungua fundo lilelile. Katika mji wetu habari ya fundi asiyeaminika ingemfikia mwenye duka wa mwisho kabla ya sala ya alasiri. Ni kufunga huko kwa kamba, zaidi ya chombo kikavu cha Habiba, kulikonivunja. Nilitoka hadi katikati ya barabara, mahali ambapo pande zote mbili zingenisikia, nikasema kwamba ni mimi niliyeichora. Habaryar akauliza kwa nini. Nikasema nilikuwa nimemkumbuka aabe, yaani baba. Sikuwa na sababu nyingine, na mpaka leo sijaipata.

Fundi aliona njia rahisi, kwa kuwa kwake ilikuwa rahisi kweli. Alichovya brashi katika rangi ya shingo ili aifunike chapa na kumrudisha ngamia alivyokuwa. Aliyemzuia ni Habiba, akivuka barabara kwa hatua ndefu.

“Usifute, Fundi.”

“Lakini wewe ndiye uliyeondoka kwa sababu yake, mama.”

“Niliondoka. Lakini chapa haifutwi. Anayefuta chapa ya watu ni mwizi. Unataka waseme Habiba alikaa hapo ng’ambo mpaka chapa ya kina Dahabo ikafutwa?”

Hapo ndipo tulipokwama. Kwa desturi yetu ukuta haungeweza kubaki na chapa ile, wala chapa isingeweza kutolewa. Kwa mtu wa nje lilikuwa doa la rangi. Kwetu sisi lilikuwa limekwisha kuwa chapa ya ngamia. Habiba akaliendea, akapiga kiganja chake shingoni mwa ngamia, juu ya chapa, akamgeukia Habaryar. “Hapa, nilipoweka mkono, kama ingekuwa chapa yetu, wewe ungekaa? Sema kweli.”

Habaryar alifikiri kwa uaminifu. “Nisingekaa,” akasema.

Habiba alibaki vilevile, kiganja ukutani, kama mtu aliyemshika mnyama wake asisogee. Fundi alirudi nyuma hadi katikati ya barabara, akakunja macho.

“Mama, tafadhali, usiutoe huo mkono.”

“Kwa nini? Nimekamatwa?”

“Tazameni,” akawaambia wengine. “Tazameni kutoka hapa.”

Tulimfuata, tukatazama. Chapa haikuonekana. Hakuna aliyeifuta, ilikuwa pale pale, chini ya kiganja cha mwanamke asiye wa ukoo wake. Habaryar ndiye aliyecheka kwanza. Fundi hakuweza kuugusa mkono wa mwanamke yule, hivyo alinipa mimi chaki na kuniambia niuzungushie mstari, kidole kwa kidole, bila haraka. Nilipofika kati ya kidole cha shahada na kidole gumba, Habiba alisema bila kunitazama, “Usinitekenye,” na nikajua kwamba nimesamehewa.

Kutokana na mkono ule fundi alichora mwanamke mzima, na kwa mara ya kwanza nilielewa jinsi picha inavyoweza kufikiri. Alimchora akiwa ametupa mgongo, shungi lake la rangi ya machungwa likishuka hadi miguuni, kwa sababu uso ungekuwa wa mtu fulani na ugomvi ungeanza upya. Mgongo ule kila mmoja aliudai. Habaryar alisema ni wake kwa unene, mwenzake akasema ni wake kwa jinsi ulivyonyooka, na Habiba akawaambia wagawane mgongo, mkono wameuona wenyewe ni wa nani. Majirani waliokuwa hawapendi viumbe wenye nyuso wachorwe walikosa cha kulalamikia isipokuwa uso wa ngamia, na huyo, mmoja wao akakiri, wamemzoea. Jicho la mtazamaji liliingia kwa kichwa cha ngamia, likashuka shingoni, likafika kwenye mkono, likafuata bega na mkono wa pili hadi kwenye chombo cha maziwa kilichoinama kidogo. Na chini kabisa ya chombo hicho cha rangi, penye ardhi, fundi alituomba tulisogeze pipa halisi. Aliyetazama kwa utulivu aliona maziwa yakitoka ukutani na kuingia sokoni. Ule weupe mkubwa ulibaki nyuma yao wote, bila kujazwa. Habiba alirudi siku hiyohiyo, na sehemu yake ya pipa ilikuwa imetengwa kabla hajaketi.

Nimejipatia riziki kwa kuzitazama picha. Nawafundisha vijana chuoni namna ya kukaa mbele ya mchoro hadi uanze kusema, na ingawa mtaala una istilahi nyingi, maswali yangu yamebaki yale niliyoyapata kwenye ukuta wa ghala: uso unaelekea wapi, kipi kimeachwa wazi, na mkono umefunika nini. Mwezi uliopita niliwapeleka wanafunzi wangu wauone ukuta wenyewe. Jua la Garissa si mhifadhi mwema. Shungi limepauka likawa rangi ya mchanga, na rangi ya mkono imebanduka ganda kwa ganda, hata chapa niliyoichora nikiwa na miaka kumi imejitokeza mgongoni mwa mkono ule. Mwanafunzi mmoja wa kutoka Machakos alidhani ni hina na akaisifu. Msichana wa kutoka Eldas, kwa wafugaji, aliusogelea ukuta, kisha akacheka kwa kuziba mdomo. “Mwalimu, huyu mama amepigwa chapa.” Niliona aibu kama ya siku ile ya kwanza. Kesho yake nilirudi peke yangu, nikiwa na brashi na kopo la rangi ndani ya mfuko.

Mambo si yaleyale, na sitadai kwamba yote ni bora. Fundi hayupo, Habaryar hayupo, malisho yamekuwa mafinyu na jilaal zimerefuka. Vijana wengi mjini hawajui chapa ya babu yao, na mimi, niliyeumizwa na chapa, ninawasikitikia kwa kutoijua. Lakini pipa lipo. Siku hizi ni la chuma kinachong’aa, na wanawake wanaolizunguka ni tisa, pamoja na mama mmoja Mkamba anayeuza chai na ambaye huchukua maziwa yake humohumo. Anayeliangalia ni Nimo, mtu niliyeketi naye dawati moja. Aliuona mfuko wangu kabla hajaniamkia vizuri.

“Hodan, umebeba nini?”

“Rangi. Nataka kuifunika chapa.”

“Kuifunika ili nani asiione? Sisi sote tunaijua. Hooyo, mama yangu, aliwaonyesha wasichana wote wa hapa mpaka mwaka aliofariki. ‘Hiyo chapa ni ya kina Hodan, na huo juu yake ni mkono wangu.’ Alikuwa akisema hivyo kila mteja akiuliza, hata asipouliza.”

Nikamwambia mkono wenyewe unakwisha, na kwamba bila mkono chapa itabaki peke yake. Nimo alifikiri, akamwita mwenzake ashike pipa, akainuka. Alikiweka kiganja chake shingoni mwa ngamia, mahali palepale, na kilikuwa kidogo kuliko cha mama yake. Kisha akavitanua vidole. Chapa ilionekana kati ya vidole hivyo, vipande vipande, na wanawake walioketi chini yake waliendelea kupima maziwa, hakuna aliyeinuka kuvuka barabara. Niliacha kopo ndani ya mfuko bila kulifungua. Mama wa chai alinitafutia kipande cha chaki, nami nikaanza kuuzungushia mkono ule mstari, kidole kwa kidole, moshi wa maziwa ukinipanda puani.

“Polepole,” akasema Nimo. “Unanitekenya.”